Frigo ya chanjo inapokosa baridi: mambo madogo yanayopoteza dawa za watoto

Katika vituo vingi vya afya milimani, Kivu ya Kusini, waya wa umeme haujafika. Chanjo za watoto zinalindwa na frigo ya jua pale ambapo imeletwa, na pengine bado ni ile frigo ya zamani inayotumia gesi au mafuta ya taa. Watu wengi wanaipita bila kuiangalia. Ni sanduku jeupe pembeni, na nyuma yake kuna moto mdogo unaowaka usiku na mchana. Lakini moto huo ukilegea, mtoto wa miezi 9 aliyeletwa kwa chanjo ya surua anarudi nyumbani bila kuchanjwa.

Ndivyo ilivyotokea kwenye kituo kimoja kilichopokea familia nyingi zilizokimbia vita. Muuguzi mkuu, yule ambaye watu wanamwita titulere, anaandika joto la frigo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Karatasi yake ilionyesha 7, kesho yake 9, halafu 11, halafu 12. Moto ulikuwa unawaka. Bombone ya gesi ilikuwa mpya. Mlinzi wa usiku alikuwa amezungusha kitufe mpaka mwisho akidhani anasaidia, na joto likazidi kupanda.

Jambo la kwanza ambalo mama titulere alifanya halikuhusu ufundi. Alitoa chanjo zote, akazipanga kwenye glasiere pamoja na vipande vya barafu alivyoomba kituo jirani, akazipeleka huko kwa pikipiki. Alihakikisha chupa za pepopunda na za pentavalenti hazigusani na barafu, maana hizo zikiganda zimeharibika, hata kama zikiyeyuka na kuonekana nzima. Kisha akaangalia alama ya kila chupa: mviringo, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko mviringo, chanjo bado inafaa. Mraba ukifanana na mviringo kwa rangi, au ukiwa mweusi zaidi, chupa inatupwa, hata kama tarehe yake haijafika. Chupa kadhaa zilitupwa siku ile.

Siku ya chanjo ikaahirishwa. Wahamasishaji wa jamii, wale mareko, walipita kwenye vibanda vya wahamaji kuwaambia akina mama wasije. Lakini wengine walikuwa wameshatoka asubuhi na mapema, watoto mgongoni. Mama mmoja, ambaye kartoo ya mtoto wake ilibaki kwenye nyumba iliyoungua, aliuliza kama frigo ikipona watamkubali bila kartoo. Alijibiwa kwamba atapewa nyingine. Akaketi kidogo kivulini, akarudi njia ile ile.

Kongo inajua bei ya jambo hili. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo, na wagonjwa walioshukiwa walipita 300,000. Mahali ambapo watu wamebanana, familia tatu kwenye kibanda kimoja, ugonjwa huo unatembea haraka kuliko habari.

Fundi aliyeitwa ni mzee aliyewahi kutengeneza frigo za misheni miaka mingi. Alipofika hakufungua sanduku lake la vyombo. Aliomba bakuli la maji.

"Mama, frigo hii ilikuwa hapa tangu zamani?"

"Hapana, Papa. Ilikuwa chumba kile cha kuzalishia. Tuliihamisha wakati watu walipoanza kufika, tulihitaji vitanda."

Mzee akaweka bakuli juu ya frigo. Maji yakaegemea upande mmoja. Chumba kipya kilikuwa na sakafu ya udongo, na mguu mmoja wa frigo ulikuwa umezama.

Hapo inafaa kueleza kazi ya mashine hii. Frigo ya umeme ya mjini ina mota inayosukuma. Frigo ya gesi haina mota, haina kitu kinachozunguka. Iligunduliwa na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Ndani ya mabomba yake yaliyofungwa kuna maji, amonia na haidrojeni. Moto unachemsha maji yenye amonia, amonia inatoka kama mvuke na kupanda juu. Nyuma ya frigo mvuke unapoa na kuwa maji tena, unateremka hadi sehemu ya ndani, unakutana na haidrojeni, na hapo amonia inakauka kwa nguvu ikinyonya joto la kilichowekwa ndani. Baadaye inarudi kwenye maji na kushuka tena kwenye moto. Kwa hiyo ni moto unaoleta baridi. Lakini safari yote hiyo inaendeshwa na mteremko peke yake. Frigo ikiegemea, maji yanasimama mahali yasipotakiwa, na mzunguko unakatika. Mtu anaona moto unawaka, lakini ndani hakuna kinachotembea.

Walisawazisha miguu kwa vibao vigumu na kupima tena kwa pima-maji ya mwashi, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Halafu mzee akaangalia nyuma. Mifuko ya unga na maharagwe ya wahamaji ilikuwa imepangwa hadi kugusa mabomba, na dirisha dogo lilikuwa limezibwa na shitingi kwa sababu ya baridi ya usiku. Joto linalotolewa ndani ya frigo lazima litoke nyuma. Likikosa njia linazunguka hapo hapo. Mifuko ikaondolewa, frigo ikavutwa mbali na ukuta, shitingi ikatolewa. Kuna sababu nyingine ya kutolewa shitingi: moto unaokosa hewa safi unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo inaua watu usingizini. Mlinzi alikuwa analala chumbani humo. Akahamishwa siku hiyo hiyo.

Frigo za namna hii ni za polepole. Mtu asitegemee matokeo kwa saa moja. Lazima angoje karibu siku nzima. Kesho yake kipimo kilionyesha 10. Kulikuwa na nafuu, lakini haikutosha.

Hapo mzee alifanya jaribio ambalo linaokoa pesa nyingi. Frigo ile inaweza kutumia gesi au umeme. Parokia ilikopesha jenereta kwa usiku na mchana mmoja, gesi ikafungwa, frigo ikawashwa kwa umeme. Joto likateremka hadi 5. Maana yake mabomba ni mazima na amonia iko. Kama ingekataa hata kwa umeme, kungekuwa na shaka juu ya mabomba yenyewe. Na kama mtu anaona unga wa manjano nyuma yake au ananusa harufu kali inayochoma macho, mabomba yametoboka: azime moto, atoe watu, afungue milango, na asidanganywe kuirekebisha. Lakini frigo inayopoa vizuri kwa umeme na vibaya kwa gesi, ugonjwa wake uko kwenye moto.

Mzee akaizima, akangoja ipoe, akafunga bombone, ndipo akafungua sanduku lake. Moto ulikuwa wa manjano, wenye ncha zinazocheza. Moto mzuri ni wa bluu na umetulia. Kule juu milimani hewa ni nyepesi kuliko kando ya ziwa, na moto unachafuka upesi zaidi. Kulikuwa na masizi kila mahali. Kuzungusha kitufe mpaka mwisho kuliongeza masizi tu.

Alianza na jikleri, kile kitobo chembamba kinachopulizia gesi. Kijana mmoja alimletea sindano. Mzee akakataa: sindano inapanua kitobo, na kikipanuka gesi inatoka nyingi, moto unachafuka daima, na lazima kununua kingine. Alikilaza kwenye alkoli ya kituo, akakipuliza, akakitazama kwenye mwanga. Kisha akafunika sehemu ya moto kwa kitambaa, akapanda kwenye bomba la moshi. Ndani ya bomba kuna chuma kilichosokotwa kinachoning'inia kwenye waya. Kazi yake ni kuzuia joto lisikimbie juu kabla ya kuchemsha maji ya amonia. Alikitoa, akasugua bomba kwa brashi ndefu, masizi yakaanguka kama unga wa makala, akarudisha chuma kile kwenye kimo chake cha mwanzo. Watu wengi wanasahau kukirudisha, halafu wanashangaa moto ni mzuri lakini baridi haiji.

Baadaye akaangalia bombone. Detanderi, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi, lazima kilingane na kiasi kilichoandikwa nyuma ya frigo. Mpira wake alipaka maji ya sabuni kutafuta mapovu. Hakuna mtu anayetafuta gesi kwa kiberiti. Alieleza pia kwamba bombone nyingi zina mchanganyiko wa propani na butani. Propani inatoka kwanza, na butani inayobaki inakuwa dhaifu kwenye baridi. Ndiyo sababu pengine moto unalegea alfajiri, wakati bombone bado ina uzito. Mwishowe akabana noti ya franka 500 kwenye mlango. Mlango ukifungwa vizuri, noti inashikwa. Upande wa juu iliteleza, mpira ulikuwa na uchafu. Ukaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, noti ikashikwa.

Moto ukawashwa tena, wa bluu. Siku ya kwanza 7. Siku ya pili 5. Mama titulere hakurudisha chanjo mara moja. Alingoja aone namba ileile asubuhi na jioni, ndipo pikipiki ikaenda kuzichukua.

Ukiangalia vizuri, hakuna kitu kilichokuwa kimevunjika. Hakuna kipande kilichonunuliwa. Frigo ile iliugua kwa sababu ilihamishwa, ikawekwa mahali pasipo sawa, ikabanwa ukutani, ikakosa hewa, na kila mtu akaongeza moto akitarajia itavumilia. Waliohamishwa na vita hawahitaji kuelezewa ugonjwa wa namna hiyo.

Yanayobaki ni kazi ndogo za kila siku. Kusawazisha miguu kila frigo inapohamishwa. Kuacha nafasi nyuma na kutopanga mizigo hapo, hata kama chumba ni kidogo. Kuangalia rangi ya moto kila asubuhi wakati wa kuandika joto. Kusugua bomba la moshi kabla masizi hayajajaa. Kutofungua mlango bila sababu, na kutoweka ndani chupa ya maji ya kunywa au Fanta ya mgeni. Na familia nazo zina sehemu yake: mama anayefika siku ya chanjo ana haki ya kuuliza kama frigo iko vizuri, na akiambiwa arudi wiki ijayo, asikate tamaa. Kartoo iliyopotea inaandikwa upya. Chanjo iliyoahirishwa bado inamngoja mtoto, mradi mtu analinda moto wake.