Ardhi Isiyo Tupu

Miongoni mwa maneno ambayo wanafunzi wangu hapa Wandegeya huyashika upesi ni neno "tupu". Chupa tupu, mfuko mtupu, mikono mitupu. Husema pia "ardhi tupu", na kwa upande wa sarufi usemi huo hauna kasoro. Lakini katika nchi ya Buganda wafaa kuchunguzwa kabla haujatamkwa, maana gharama yake yaweza kulipwa na mtu asiyekuwapo katika mazungumzo. Nataka kuwaeleza walimu wenzangu jinsi nilivyouona ukipimwa shambani.

Tuko watu 14, wakazi wa Wandegeya na majirani wa Makerere. Wamo Waganda, Mkenya mmoja kutoka Kakamega, Wakongo wawili wa Bukavu, dada mmoja Mnubi mzaliwa wa Bombo, na wanafunzi kadhaa. Wamo Wakristo na wamo Waislamu. Tulianza kwa kusoma pamoja kila Jumamosi, na mojawapo ya maandishi tuliyoyasoma ni waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unaowataka watu waitunze dunia kama nyumba yao wote. Katika kusoma huko lilizaliwa wazo la kuanzisha makao shambani: nyumba ya sala iliyo wazi kwa kila dini, bustani za chakula, miti ya asili iliyorudishwa, na watu waishio kwa kiasi. Wazo ni jema. Anayekaa kando ya msongamano wa Wandegeya, penye moshi wa magari na wa majiko ya kuchomea kuku, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu autamani ukimya.

Siku ya ziara tulikodi taksi moja. Barabara ya Bombo hupita papo hapo Wandegeya, ikashika Bwaise na Kawempe, ikafika Matugga, kisha Bombo na Wobulenzi, hata Luweero. Njiani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee iliyotukusanya sote. Nilifurahi kama mwalimu yeyote ambavyo angefurahi. Hata hivyo nilijua tunaipeleka lugha hiyo wapi. Wilaya ya Luweero ilikuwa uwanja wa vita tangu mwaka 1981 hadi 1986, na Kiswahili kilikuwa lugha ya majeshi. Waliokaa Kampala miaka ile wanayakumbuka maneno mawili, "panda gari", yaliyokuwa amri ya askari katika misako. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Lakini kumbukumbu za watu hazirekebishwi kwa kura.

Tulipofika, dalali alitueleza kuwa ni eka 40 za mailo, hati ni safi, na ardhi ni tupu. Kwa kweli palikuwa na pori zuri na kilima chenye upepo. Mzee wetu, ambaye ndiye kiongozi wa kundi, alikwisha kuonyesha kwa fimbo mahali pa nyumba ya sala. Lakini tulipoteremka upande wa pili tuliona safu ya ule mmea ambao Wachaga huuita isale, umepandwa kwa mstari ulionyoka. Kama ilivyo Uchagani, Buganda pia mmea huo ni alama ya mpaka. Ng'ambo ya mstari ilikuwapo mibuni ya zamani, migomba, mti wa mutuba uliokuwa umewahi kubanduliwa gome la kutengenezea nguo, na mawe yaliyopangwa juu ya makaburi ya ukoo. Kinjia chembamba kilichokanyagwa sana kilikwenda kwenye chemchemi.

Nyuma ya migomba alikuwapo mama mzee, ambaye kwa heshima ya Kiganda tulimwita Jjajja. Alikuwa amekwisha kutusikia. Alisimama mlangoni, hakutukaribisha wala hakutufukuza. Dada yetu wa Bombo ndiye aliyetutangulia. Alipiga magoti, akamwamkia kwa Kiganda kikamilifu, wakasalimiana kwa kirefu kama desturi ilivyo. Ndipo Jjajja akauliza kwa nini sisi wengine tunasema lugha ya askari. Hapakuwa na ukali katika swali lake; aliuliza kama mtu aulizaye habari anayohitaji kuijua kabla ya kufungua mlango. Dada alimjibu kuwa ni lugha iliyotukutanisha sisi wa makabila mbalimbali, tena hatuna silaha. Jjajja alitutazama mmoja mmoja, akaleta mikeka.

Mzee wetu alimweleza nia yetu: sala, miti, amani. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza lolote juu ya dini. Aliuliza: "Njia ya maji mtaifunga?"

Hapana aliyekuwa na jibu, kwa kuwa katika mikutano yetu yote ya Jumamosi hatukuwa tumelijua swali hilo.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo ni la sheria na la lugha kwa pamoja. Neno mailo latokana na maili za mraba zilizogawiwa kwa Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambao uliwapa Kabaka, machifu na wakuu wengine umiliki wa ardhi ambayo tayari ilikuwa na watu. Wakulima hao wakawa wakaaji juu ya ardhi ya mwingine, na shamba la mkaaji huitwa kibanja. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ziliwalinda wakaaji hao. Miongoni mwao ni yule aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika. Mwenye mailo akitaka kuuza, yampasa kwanza kumpa mkaaji nafasi ya kununua. Kwa hiyo hati yaweza kuwa safi ofisini, na bado haki ya mtu mwingine ikawa imesimama shambani pamoja na mibuni yake.

Sasa msikilizeni Mswahili anapoambiwa "kibanja". Sikio lake husikia "kiwanja", na akili humchorea uwanda uliosawazishwa, unaongoja kujengwa. Maneno haya ni ndugu, lakini yamekulia nyumba mbalimbali. Kiwanja chaweza kuwa kitupu. Kibanja ni mtu na chakula chake na wafu wake. Mmoja wa wenzetu wa Bukavu alikuwa amelisikia neno hilo kwa dalali tangu asubuhi, akadhani anatajiwa mahali pa kujenga.

Uganda ina historia ya jumuiya za kiroho zilizohamia mashambani, na historia hiyo yafaa kusomwa kwa makini. Kanungu, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurudisha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa lao. Walikuwa wameuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Mazungumzo baina yao yalikuwa yamebanwa, hata wakawa wanawasiliana kwa ishara. Mimi ni mwalimu wa lugha, nami kila nikumbukapo habari hizo huona kuwa kabla ya mlango kufungwa, ulimi ulikuwa umefungwa.

Karibu na Mbale ipo habari nyingine. Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda, alijitangaza kuwa Myahudi mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake, ambao hadi leo huitwa Abayudaya. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na katika miaka ya 1980 vijana walikusanyika kilimani Nabugoye kuifufua jumuiya. Mwaka 2004 Abayudaya waliungana na majirani zao Waislamu na Wakristo wakaanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hawakuhitaji majirani wawe wa dini yao ndipo wauze kahawa pamoja.

Tuliporudi Wandegeya tulibishana kwa majuma mawili. Mzee wetu alishikilia kwamba tukichelewa, atanunua mchoma makaa na miti yote itakwisha. Hoja yake ni nzito, wala sikuweza kuivunja. Makaa yanaliwa na Kampala, na sisi wa Wandegeya tumo katika walaji. Mimi nilisema kwamba msitu uliookolewa kwa kumnyima Jjajja maji hautakuwa na sala ndani yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo yatupasa tumuulize mwenyeji anaumwa nini.

Mwishowe tulikubaliana mambo manne. Hapana senti itakayolipwa kabla wakaaji wote hawajakutana nasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mkutano huo utakuwa kwa Kiganda, na sisi wengine ndio tutakaotafsiriwa. Njia ya maji itaandikwa katika mapatano kuwa ni ya wote. Na kila atakayejiunga, akitaka kuondoka, ataondoka na fungu lake. Wenzetu wawili hawakuridhika, wakajitoa. Tuliwarudishia michango yao kamili, na huo ukawa mwanzo wa kulitekeleza sharti la nne. Ardhi hiyo huenda tukaikosa.

Nina ombi kwa wanachama wa chama chetu. Vitabu vyetu vya kiada vina maneno mengi ya sokoni, ya hospitalini na ya safari, bali ya haki ya ardhi ni machache mno. Napendekeza neno kibanja lipokewe katika Kiswahili cha Uganda kama lilivyo, wingi wake vibanja, lisigeuzwe kiwanja. Mwenye neno lililo bora na alilete, ila alilete likiwa na mkaaji ndani yake.