Nilivyozivua krenki za alumini, na nilichokuta chini ya weusi

Leo PHP na MySQL zipumzike kidogo. Nataka kuwaeleza kazi ya mikono niliyoifanya mwezi uliopita: kuondoa weusi kwenye krenki za baiskeli, yaani ile mikono miwili ya alumini inayoshika pedeli, na kuzing'arisha upya. Baiskeli ni ya mtumba. Niliinunua ili mdogo wangu aende nayo chuo, na njia yake inapita kando ya Thika Road, pamoja na matatu na malori. Fremu ilikuwa safi, breki safi, ila krenki zilikuwa zimekwaruzwa na viatu hadi zikawa na mistari kama punda milia. Dogo alitaka tuzipulizie rangi yaishe. Nikamwambia tuzivue kwanza.

Weusi ule si rangi

Ukiona alumini nyeusi ya namna hii, usidhani imepakwa kitu. Kiwandani krenki huzamishwa ndani ya asidi ya salfuriki, ileile ya betri ya gari, kisha umeme unapitishwa. Uso wa metali unageuka kuwa oksaidi ngumu yenye vitundu vidogo mno. Vitundu hivyo hunyweshwa rangi, halafu hufungwa kwa maji ya moto. Hiyo ndiyo anodaizi. Unene wake mara nyingi ni kati ya maikromita 5 na 25, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Kwa hiyo si koti lililovalishwa metali, ni ngozi iliyoota kutoka kwenye metali yenyewe. Ukiivua, unapunguza na krenki kidogo. Ndiyo maana kazi hii haitaki pupa.

Kuvua

Nilitumia kostiki soda, ile ya kuzibua mifereji. Vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji baridi, ndani ya ndoo ya plastiki. Soda ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda, maana inachemka na kukurukia usoni. Vaa glavu za mpira na miwani ya kinga, na fanyia kazi nje, mbali na moto. Kostiki ikikutana na alumini hutoa haidrojeni, na haidrojeni inawaka.

Na tafadhali, usitumie sufuria! Sufuria zetu nyingi ni alumini. Kama umewahi kupika maharagwe kwa magadi ukaona sufuria imekuwa nyeusi ndani, basi umeshaona mdogo wake kostiki akifanya kazi. Kostiki yenyewe haiishii kwenye weusi, inakula sufuria hadi itoboke.

Nilifungua sahani za meno na skrubu zote za chuma, nikaziondoa. (Kumbuka pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande ambao pedeli ya kulia inafungwa.) Nikazamisha krenki moja moja. Mapovu yalianza taratibu, kisha rangi ikatoka kama chai inavyotoka kwenye majani. Kila dakika moja nilikuwa naitoa na kuitazama. Baada ya dakika tano hivi weusi ulikuwa umekwisha, ikabaki masizi ya kijivu. Masizi hayo ni madini mengine yaliyochanganywa na alumini, ambayo kostiki haiyayeyushi. Nikasuuza kwa maji mengi, nikapitisha siki ili kuua mabaki ya soda, nikasugua kwa brashi ya mswaki.

Ufa

Krenki ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto, pale kwenye tundu la pedeli, ilikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Ungeweza kusema ni mkwaruzo. Lakini mkwaruzo una chini yake unaoonekana, na huu haukuwa nayo.

Kuna kipimo cha zamani ambacho mafundi wa karakana za reli walikitumia kabla ya mashine za kisasa. Unapaka sehemu hiyo mafuta mepesi, unaacha yaingie, unafuta mpaka pakauke, halafu unapaka unga wa chaki. Mimi nilichanganya mafuta ya taa na oili kidogo, nikasubiri nusu saa, nikafuta vizuri, nikapaka chaki ya shule. Kwa dakika chache hakukuwa na kitu. Kisha mstari mweusi ukajichora wenyewe juu ya chaki, ukazunguka karibu robo ya tundu. Mafuta yalikuwa yanarudi kutoka ndani.

Nikaenda na krenki kwa fundi wa baiskeli wa mtaani, mzee ninayemheshimu sana. Akaigeuza, akaigonga, akacheka. "Kijana wangu, hii itabeba watu miaka mitano. Paka rangi." Nikamwambia, "Mzee, anayeibeba ni mdogo wangu." Akanyamaza kidogo, akaenda kunitafutia nyingine.

Simlaumu. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mzigo ambacho ukikaa chini yake, unaweza kurudia karibu bila mwisho na kisichoke. Alumini haina kiwango hicho. Kila ukikanyaga inahesabu, hata ukikanyaga polepole. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza aina ya Comet zilivunjika angani na kuanguka katika Bahari ya Mediterania, moja Januari na nyingine Aprili. Wachunguzi waliweka ndege nzima ndani ya tangi la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguza shinikizo tena na tena, hadi mwili wake ukapasuka. Alumini ilichoka tu. Krenki nayo haitoi taarifa. Inakatika siku ambayo umesimama juu ya pedeli ukipanda kilima, na upande wako wa kulia kuna lori.

Nyinyi mnaoandika PHP mnajua ile alama ya @ unayoiweka mbele ya fankshoni ili ujumbe wa hitilafu usionekane. Ujumbe unapotea, hitilafu inabaki palepale. Rangi ya kupuliza juu ya krenki ile ingekuwa @ ya shilingi mia tatu.

Kumalizia

Krenki ya kulia niliipiga msasa wa maji namba 400, kisha 600, 1000 na 2000. Kila namba hufuta mikwaruzo ya iliyotangulia, usiruke. Halafu Brasso na kitambaa cha fulana ya zamani, mpaka nikaona ndevu zangu ndani yake. Alumini tupu hujifunika yenyewe kwa oksaidi nyembamba mara inapokutana na hewa, kwa hiyo haiozi kama chuma, ila hufifia. Nta ya gari mara moja kwa mwezi inatosha. Sikuipaka rangi wala sikuirudisha kwenye anodaizi, kwa sababu nataka kila mwezi dogo akiifuta aione kwa macho yake.

Krenki ya kushoto aliyoileta mzee ina urefu uleule, 170 imegongwa nyuma, lakini ni nyeusi. Nayo ilipitia chaki kwanza, ikafaulu. Sasa baiskeli ina mguu mmoja wa fedha na mwingine wa lami, na dogo analalamika kwamba wenzake wanamcheka. Wacha wacheke.

Ile yenye ufa, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa tayari kuichukua kwa kilo. Nikaikata vipande viwili kwa msumeno, katikati ya tundu la pedeli, ndipo nikampa. Nzima ingerudi barabarani chini ya mguu wa mtu mwingine.

Wiki ijayo tunarudi kwa MySQL, nimewaahidi indeksi. Pandeni salama.