Mkate wa Kumimina Jikoni Kwetu

Jumamosi tuliwaita wenzetu sita jikoni kwetu tupike mkate wa kumimina. Mchele tuliuroweka tangu usiku, tukausaga na tui zito, hamira, iliki na sukari. Mmoja wao ni biharusi mtarajiwa, nguo zake tunashona sisi. Kwa haraka hakungoja uji uumuke. Mkate ukatoka bapa kama chapati. Tukacheka (sana, Mungu atusamehe). Akatoka uani.

Kumbe mama yake alifariki yeye mdogo, hakupata wa kumfundisha. Vipimo vyake vyote tunavyo, hilo hatukuwahi kumuuliza.

Tukapalia makaa upya, mengi juu, machache chini, tukamwachia upawa. Magharibi ilitukuta tunangoja mkate wake wa tatu.