Maradhi Yasiyobisha Hodi

Sisi tunaosomesha chuoni huletewa mara nyingi wanawake ili wasomewe. Mmoja huumwa na kichwa, wa pili huona kizunguzungu, na wa tatu ni mja mzito, uso na mikono imemvimba na macho yaona vimulimuli. Jamaa zake husema ni jini. Dua hatuikatai, lakini huwaambia jamaa hao: mpelekeni kwanza hospitali akapimwe presha. Na huyo mja mzito asingoje hata kidogo, kwani presha ikimpanda mwenye mimba iliyopita majuma 20 huweza kumletea kifafa cha mimba, akafa yeye na mtoto wake.

Presha ikipimwa siku mbalimbali ikawa 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo ni mgonjwa ijapokuwa hahisi kitu. Na wengi hawahisi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 ya kuwa watu wapatao milioni 1,280 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana maradhi haya, na karibu nusu yao hawajui.

Sababu zake kwa wanawake si moja. Umri ni sababu, hasa hedhi inapokwisha koma. Na unene, na kukaa bila ya kutembea, na kurithi kwa wazazi. Aliyepandwa na presha katika mimba, hata akijifungua salama, hubaki karibu zaidi na maradhi haya katika miaka ya mbele. Baadhi ya vidonge vya kuzuia mimba navyo huipandisha. Tena iko chumvi: mtu mzima yampasa ale chini ya gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Ng'onda na achari katika sinia moja zaweza kulipita kadiri hilo kabla ya jua kuchwa.

Enyi waume na vijana! Mama ndiye apelekaye watoto kwa daktari na auguzaye wazee, na yeye mwenyewe hapimwi. Mpelekeni. Akipewa dawa asiziache kwa kujiona mzima, wala katika Ramadhani asibadili saa zake bila ya kumwuliza daktari. Akiambiwa asifunge, asione haya: sharia imemruhusu mgonjwa.

Mwili ni amana, na mama ni amana ya nyumba nzima. Wabillahi taufiki.