Onyo Tusilolisoma

Sisi tulipita seminari, tukajifunza Kilatini. Lakini hapa Likasi maneno machache ya kompyuta yalitutia aibu. Twapenda kuwasimulieni habari hiyo, maana wengi wenu mwatunza kompyuta za parokia au za shule.

Ofisini mwetu mna kompyuta ndogo ya Windows, nayo ina programu ya kuandikia vyeti vya ubatizo. Siku moja tulipata programu nyingine ya kuchapishia, tukaambiwa tutie folda yake katika PATH.

PATH ni nini? Ni orodha ya folda zilizotengwa kwa nukta-mkato. Ukiita programu kwa jina lake tu, Windows huipita orodha hiyo folda kwa folda mpaka iikute. Orodha ni mbili: moja ya mtu aliyeingia, nyingine ya mashine nzima. Hii ya pili haiguswi ila kwa ruhusa ya msimamizi. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, hata msimamizi mwenyewe huulizwa kwanza kama akubali.

Sisi tulikubali upesi. Kwa ruhusa hiyo tulifungua dirisha jeusi la amri, tukaandika setx pamoja na /M, tukaiunga folda mpya nyuma ya orodha ya zamani. Likatokea onyo, hatukulisoma. Kumbe setx haihifadhi zaidi ya herufi 1024, zinazozidi hukatwa. Orodha yetu ilikuwa ndefu, basi mkia wake ukakatika, na folda mpya ikapotea pamoja nao.

Mara wakaja wachumba wawili. Bibi arusi alihitaji cheti cha ubatizo siku ile ile, kwani parokia watakakofungia ndoa ilikuwa ikikingoja. Tukaiita programu ya vyeti: kimya! Tena umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na betri ilibaki robo tu. Tukanyosha mkono ili tuizime kompyuta na kuiwasha upya.

Kijana mmoja wa kwaya, mwanafunzi wa ufundi, akatuzuia: «Mwalimu, usizime! Lile dirisha jeusi li wazi bado?»

Lilikuwa wazi. Akatueleza kwamba dirisha lililofunguliwa kabla ya badiliko hubaki na orodha ya zamani. Lifunguliwalo baadaye ndilo lipokealo orodha mpya. Akaandika echo %PATH%, na tazama, orodha nzima ikatokea! Akainakili katika Notepad, ambayo kwa Kifaransa twaiita Bloc-notes, akaihifadhi. Kisha akaingia penye mipangilio ya mfumo, akaondoa folda za mtumiaji zilizochanganyika humo, akairudisha orodha ya mashine mahali pake pamoja na folda mpya. Wakati huo sisi tulifungua kitabu kikubwa cha ubatizo, tukaandika cheti kwa mkono, Padri akatia sahihi. Wachumba wakaenda zao kwa furaha kabla betri haijaisha.

Kijana akatuonyesha pia faili ya hosts, iliyo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Humo huandikwa kwanza anwani ya namba, halafu jina la mashine. Mstari unaoanza na # hausomwi. Hatuna budi kuifungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi, la sivyo haitakubali kuhifadhi mahali pale. Tena jina ni hosts tu; ukiongeza .txt, Windows haitaisoma.

Siku hizi hatugusi orodha wala faili ya namna hiyo kabla ya kuinakili pembeni. Kwa PATH ndefu twatumia dirisha la mipangilio, si setx.

Kijana yule sisi ndio tuliomfundisha katekisimu. Kila mara tulimwonya: «Mwanangu, soma mpaka mwisho wa mstari.» Siku ile alituonyesha lile onyo katika dirisha jeusi, akacheka kwa heshima, akatuambia maneno yale yale.