Mama Watatu

Mjomba alinipigia simu mwezi wa mvua. "Njoo Kyela uchukue hii kompyuta, mpwa wangu, kabla ukungu haujaimaliza."

Ni Amiga 500, aliyorudi nayo kutoka masomoni Uingereza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kule watoto waliichezea gemu. Yeye aliileta kufanyia kazi ya kushuti harusi, kuanzia Ipinda hadi Matema.

Aliiongezea vitu viwili. Kwanza jenloki, kifaa kinachopitisha video mahali pa rangi ya nyuma ya kompyuta, ili maandishi yaelee juu ya maharusi. Watu walishangaa kuona majina yao kwenye skrini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, mwaka uleule Commodore, watengenezaji wa Amiga, walipofilisika. Wamarekani walikuwa na Video Toaster tangu 1990, yenye madoido ya studio nzima. Mjomba aliitamani bure tu: ilikuwa ya mfumo wa NTSC, na sisi huku ni PAL.

Cha pili kilikuwa cha kunasia picha. Unaweka kamera ya nyeusi na nyeupe, mbele yake plastiki ya rangi: nyekundu, halafu kijani, halafu bluu. Kompyuta inasoma mara tatu, polepole, kisha inajumlisha. Anayepigwa asitikisike.

Tuliifungua barazani. Betri ya kadi ya kuongeza kumbukumbu ilikuwa imevuja na kula shaba. Tukaichomoa kadi, mashine ikabaki na KB 512 zake za asili. Disketi kumi na moja ziligoma. Ya kumi na mbili ikagugumia, ikasoma.

Akatokea mama.

Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Nyumbani tuna picha yake moja, ya pasipoti, amekunja uso. Hapa walikuwa watatu, hawajakutana vizuri. Mwekundu anatazama kamera. Wa kijani ameanza kugeuka. Wa bluu ameinama, mkono umetoka nje ya picha.

"Nani alimtikisa?"

"Wewe. Ulikuwa chini pale unalia, unamvuta khanga. Nilikasirika kweli. Nikamwambia dada, turudie. Akasema kesho."

Hawakurudia.

Mjomba anataka nikairekebishe Dar, ichapwe, itundikwe sebuleni. Najua programu za leo zinaweza kuwasogeza wale watatu wakawa mmoja. Nilikaa na wazo hilo hadi jenereta ya jirani ikazimwa.

Mwishowe niliipiga skrini kwa simu, nikaitenga rangi nyekundu peke yake. Ikatoka picha ya nyeusi na nyeupe, mama ametulia, anatazama mbele. Hiyo nimempa mjomba. Akaishika muda mrefu, akasema, "Ndaga fijo."

Ya bluu nimeichapa pia. Iko mezani kwangu. Kila nikiitazama, namtafuta mtoto anayenyooshewa ule mkono.