Msomaji Asiye na Kitabu: Tafakuri kuhusu Usomaji wa Fasihi Chuoni

Kila tunapofundisha nadharia ya upokezi, sisi humtaja msomaji. Huwaeleza wanafunzi kwamba Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alitaka historia ya fasihi izingatie matarajio ambayo wasomaji wa kila kipindi huyaleta mbele ya kazi wanayoisoma. Huwaeleza pia kwamba mwenzake, Wolfgang Iser, aliiona matini kuwa na mianya ambayo msomaji hana budi kuiziba, na kwamba maana huzaliwa katika shughuli hiyo ya kuziba. Wanafunzi huyaandika haya daftarini, na wakati wa mtihani huyarudisha kama yalivyo. Lakini ni nadra mno kwetu, walimu na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kuuliza swali sahili zaidi: msomaji huyu anasomea wapi, kwa saa zipi, na kitabu ni cha nani?

Makala haya yanadhamiria kulitafakari swali hilo kwa kutumia ushahidi ulio karibu nami zaidi, yaani maisha ya wanafunzi wa fasihi katika chuo kikuu cha umma cha kadiri. Dai langu ni kwamba hali anamosoma mwanafunzi ni sehemu ya usomaji wenyewe, wala si jambo la pembeni la kuachiwa msimamizi wa mabweni. Mhakiki anayeipuuza hali hiyo humzungumzia msomaji ambaye hajawahi kuketi katika darasa lake.

Niliingia chuo kikuu mwaka 1999, na baada ya masomo ya uzamili na uzamifu nimekuwa mhadhiri katika chuo kingine cha aina ileile. Ni chuo ambacho hakina ukongwe wala mji mkubwa wa kukitegemea. Nje ya lango kuna vibanda vya chakula, maduka ya fotokopi, na safu za vyumba vya kupangisha vilivyojengwa kwa haraka katikati ya mashamba ya mahindi. Mwanafunzi aliyekosa nafasi bwenini hupanga huko, au hulala kitanda kimoja na mwenzake kinyume cha kanuni, na akifanya hivyo huitwa ‘pairati’, yaani haramia. Siku yake huanza kwa kuwahi kiti katika ukumbi wa mihadhara, kwa maana akichelewa atasikiliza akiwa dirishani. Chakula cha mchana ni chapati na maharagwe kibandani, kwa mkopo ikiwa mwenye kibanda anamjua. Jioni yake hugawanyika kati ya kupika, kufua, na kutafuta kazi ndogo ya kumwezesha kupika na kufua tena juma lijalo. Katika siku kama hiyo, riwaya ya kurasa mia mbili ni mzigo unaohitaji kutafutiwa mahali pa kuwekwa.

Hali hii ina historia yake, na historia hiyo inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mpango wa kugawana gharama ulioanzishwa mwaka 1991 ulimfanya mwanafunzi alipie chakula chake na sehemu ya karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995, na mkopo wake, ambao sisi tuliuita ‘bumu’, ukawa ndiyo kalenda halisi ya muhula. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo sambamba kwa wanaojilipia, vyuo vingine vikafuata, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka kuliko ile ya vitanda na vitabu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yaliposhuka mwaka 2016, waliofikia kiwango cha kujiunga na vyuo vikuu wakawa wachache kiasi cha serikali kuweza kuwapa wote nafasi, na mapato ya masomo sambamba yakakauka. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa kuwapanga wanafunzi katika bendi kulingana na uwezo wa familia zao, na vijana wengi wakajikuta wakiandika maombi ya rufaa ili kuthibitisha kwamba wao ni maskini kuliko walivyokadiriwa. Katika kila hatua ya safari hii, kitabu cha fasihi kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa katika hesabu. Mwanafunzi hawezi kuahirisha chakula, lakini riwaya anaweza.

Athari ya jambo hili katika uhakiki inaonekana wazi nikitoa mfano wa Nagona. Riwaya hii fupi ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, huvunja mfululizo wa wakati na wa matukio kwa makusudi. Mwaka mmoja nilipokuwa nikisahihisha insha za darasa la mwaka wa tatu, niliona kwamba wanafunzi kadhaa walikuwa wameandika kwa ustadi kuhusu mpasuko mmoja katika usimulizi. Walionyesha jinsi sentensi ilivyokatika ghafla na nyingine kuanza mahali pengine kabisa, na wakadai kwamba mwandishi alikuwa akiukana umoja wa nafsi. Hoja zao zilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa kwamba mpasuko huo haukuwamo katika riwaya. Nilipoitazama nakala waliyoitumia nikakuta ni fotokopi ya fotokopi, na mtu aliyeitoa mara ya kwanza alikuwa ameruka karatasi moja.

Kisa hiki huwachekesha wenzangu kila ninapokisimulia, nami sioni vibaya wakicheka. Lakini kina fundisho. Wanafunzi wale walifanya hasa kile ambacho Iser anamtaka msomaji akifanye: waliukuta mwanya wakauziba. Zaidi ya hayo, waliuziba kwa namna iliyofanana, kwa sababu walisoma nakala moja na kuijadili katika chumba kimoja. Stanley Fish alipoandika mwaka 1980 kuhusu jamii za wafasiri, hakuwa akiwazia jamii iliyoundwa na mashine ya fotokopi iliyo nje ya lango la chuo. Hata hivyo jamii hiyo ipo, na ndiyo inayosoma Nagona katika chuo chetu. Niliwapa alama za hoja walizozijenga, kisha nikaisoma karatasi iliyokosekana mbele ya darasa zima. Mjadala uliofuata kuhusu tofauti kati ya pengo la mwandishi na pengo la mnakili ulidumu saa mbili, na ulikuwa bora kuliko mihadhara yangu yote ya muhula ule.

Kuna jambo la pili ambalo uhaba wa vitabu umelizalisha, nalo ni usomaji wa kusikiliza. Nilipokuwa mwaka wa pili, tulikuwa wanne katika chumba kilichokusudiwa wawili, na nakala ya Walenisi ya Katama Mkangi ilikuwa moja. Mwenzetu mmoja kutoka Kilifi ndiye aliyetusomea kwa sauti, usiku baada ya usiku. Sisi wa bara tulijifunza kutokana na sauti yake jinsi ya kuzitofautisha dh na z, na hadi leo siwezi kuifikiria safari ya Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo akarushwa angani katika chombo cha kumwangamiza, ila nikiisikia kwa lafudhi ile. Wengine walisikia habari za vyumba vya jirani wakaja kuketi sakafuni. Tulibishana kuhusu nchi ya Walenisi kabla hata ya kuifikia sura inayofuata, na ilipobainika kwamba jina lenyewe ni ‘wale ni sisi’, kulikuwa na kimya chumbani ambacho sijakikuta tena katika kusoma peke yangu.

Mtaalamu wa tenzi hatastaajabia usomaji wa aina hii. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, na tenzi nyingi zilizofuata, zilienea kwa kunakiliwa kwa mkono na kughanwa mbele ya hadhira ambayo wengi wao hawakuwa na mswada mkononi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi na vilevile mnakili, na mchango wake katika kuzihifadhi kazi za wengine haupungui ule wa kutunga. Kwa hivyo msomaji aliye peke yake na kitabu chake, ambaye nadharia zetu humchukulia kuwa ndiye msomaji wa kawaida, ni mgeni katika sehemu kubwa ya historia ya fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi anayesomewa na mwenzake, na hata yule wa leo anayepokea picha za kurasa katika kundi la WhatsApp, yuko katika mstari mmoja na wanakili na waghani wa kale kuliko anavyojua.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari tusiupambe ufukara. Hadhira ya utenzi ilikutana na kazi iliyotungwa kwa ajili ya kusikilizwa, yenye vina na mizani vya kuisaidia kumbukumbu. Riwaya ya kisasa haikutungwa hivyo. Inamtaka msomaji arudi nyuma, alinganishe, apige mstari chini ya neno, alale nalo na kuliamkia. Mwanafunzi aliyeazimwa nakala kwa usiku mmoja hawezi kurudi nyuma. Ndiyo maana tamthilia na ushairi hufanya vyema katika madarasa yetu, ilhali riwaya ndefu husomwa kupitia miongozo, na mwanafunzi huja mtihanini akiwa anazijua dhamira zote bila kumjua mhusika hata mmoja. Isitoshe, fotokopi haimlipi mwandishi chochote. Tunawafundisha vijana kuwaenzi waandishi wetu kwa kutumia nakala zinazowanyima waandishi hao riziki, na hilo ni pingamizi ambalo sijaona idara yoyote ikilitatua.

Lipo pia suala la lugha ambayo wanafunzi wenyewe wameiunda kutokana na maisha haya. Mikutano yao huiita ‘kamukunji’, jina la uwanja wa Nairobi uliokuwa kitovu cha madai ya vyama vingi mwaka 1990 na 1991. Huitana ‘komredi’. Vikaratasi vya kuibia mtihani huviita ‘mwakenya’, jina la vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo maandishi yake yalipitishwa kwa kufichwa nguoni na viganjani. Kila mwaka huliuliza darasa linalosoma Walenisi asili ya neno hilo, na kila mwaka jibu huwa ni kimya. Huwaeleza basi kwamba Katama Mkangi, aliyekuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani, akihusishwa na vuguvugu hilohilo, na kwamba riwaya iliyo mbele yao ilichapishwa mwaka 1995, baada ya mateso hayo. Neno wanalolitumia kwa mzaha mlangoni mwa chumba cha mtihani lilimgharimu mwandishi wao uhuru wake. Sijaona njia iliyo fupi zaidi ya kumfikisha mwanafunzi katika kiini cha riwaya ile.

Ajabu ni kwamba fasihi andishi yenyewe haijaingia sana katika mabweni. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini tunakutana naye hasa akiwa kijijini, likizoni, miongoni mwa watu ambao elimu imemtenga nao. Mambosasa na Mamboleo katika Gamba la Nyoka (1979) wametoka chuoni tayari. Katika kazi hizi chuo ni mahali ambapo mtu hutoka akiwa amebadilika, na namna alivyobadilishwa, katika foleni ya usajili na katika kitanda cha watu wawili, haionyeshwi. Kwa kizazi cha Kezilahabi lilikuwa jambo la kueleweka: wasomi walikuwa wachache, na swali kubwa lilikuwa jinsi watakavyoipokea jamii, nayo jamii itakavyowapokea. Leo karibu kila kijiji kina mhitimu asiye na kazi. Swali limehama, nayo riwaya ya Kiswahili ina deni la kulifuata huko lilikohamia.

Nini basi kifanyike? Sina mamlaka juu ya bajeti, lakini yapo yaliyo katika uwezo wa idara. Kwanza, tasnifu zinazojinasibisha na nadharia ya upokezi zieleze wazi wasomaji waliochunguzwa walisoma nakala gani na kwa muda gani, kama vile mtafiti wa fasihi simulizi anavyotakiwa kuieleza hadhira yake. Pili, usomaji wa kwa sauti urejeshwe katika ratiba ukiwa mbinu ya uhakiki, hata kama utapunguza idadi ya vitabu vinavyotahiniwa. Vitabu vinne vilivyosikika vyote vina faida kuliko kumi vilivyofupishwa. Tatu, kila idara itenge nakala chache zisizotoka nje ya chumba cha kusomea, ili mwanafunzi awe na mahali pa kuhakiki karatasi iliyorukwa.

Mapendekezo haya ni madogo, na hayatampa mwanafunzi kitanda wala chakula. Lakini yatatulazimisha sisi wenyewe kuacha mazoea ya kumsahihisha kijana kana kwamba alikuwa na kitabu, meza, na usiku mzima wa utulivu, kisha kuuita upungufu wake uvivu. Nimesahihisha maelfu ya insha. Nyingi zilikuwa dhaifu, na katika nyingi ya hizo dhaifu niliweza kuona, kwa kuangalia kurasa zilizonukuliwa, ni mahali gani hasa ambapo nakala ya kuazima ilirudishwa kwa mwenyewe.